Mapishi yenu yaseme ni nyama ya sehemu gani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua za wasomaji. Gazeti lako la Jumamosi mimi hulianzia ukurasa wa mapishi, nikimaliza ndipo narudi mbele kwenye habari. Wiki tatu zilizopita mlichapa pishi la rosti ya nyama. Kila kitu kilipimwa: vitunguu maji vitatu, nyanya nne, kipande cha tangawizi, punje sita za kitunguu saumu, hata kotmiri mlisema ni fungu moja. Ilipofika zamu ya nyama yenyewe mkaandika "nyama ya ng'ombe kilo 1", basi. Nikaliweka gazeti mezani. Mke wangu akaniuliza kulikoni, nikamwambia hawakutaja sehemu.

Nimeuza nyama Buguruni kwa miaka 31, tangu 1990 hadi 2021 magoti yaliponikatalia kusimama, nikamwachia bucha mpwa wangu. Nilianza na gogo na shoka, nikamaliza na msumeno wa umeme. Haya ninayoandika nimeyaona kwenye mizani na nimeyaona kwenye sufuria, maana nyumbani kwangu Jumapili mpishi ni mimi.

Ombi langu ni hili. Kila mnapoandika pishi la nyama, tajeni sehemu: semeni shingo, semeni kidari, muundi, mbavu, paja. Na wenzangu wenye mabucha nawaomba waandike sehemu hizo hizo ubaoni, kila moja na bei yake.

Nenda leo kwenye bucha la mtaani kwenu utazame ubao. Utakuta steki, utakuta nyama ya mfupa au mchanganyiko, utakuta maini, pengine na utumbo. Ng'ombe mzima amebaki na majina mawili, yenye mfupa na isiyo na mfupa. Mtoto anatumwa na noti mkononi, anafika anasema, "Shikamoo babu, nimeambiwa nyama nusu." Marahaba mwanangu, nyama ya nini? Hajui. Ya pilau? Ya supu? Hajui, na aliyemtuma hakusema kwa sababu ubao wenyewe haumpi la kusema. Basi muuzaji anakata pale kisu kilipofikia. Kikiwa shingoni umepata shingo, kikiwa pajani umepata paja. Unaipika saa moja kama ulivyopika Jumapili iliyopita. Ya Jumapili iliyopita iliiva vizuri, ya leo imekuwa mpira. Unailaumu nyama, unamlaumu muuzaji, kisha unafungua pakiti nyingine ya viungo ukidhani kilichopungua ni ladha.

Nakiri mbele ya wasomaji wako kwamba nami nilichangia hali hii. Miaka ya mwanzo nilikuwa naivua shingo mifupa yake, naikata vipande vidogo, naichanganya na paja, naiuza kwa bei ya steki. Haikuwa nyama mbaya, na kwangu mimi shingo ndiyo nyama tamu kuliko zote. Lakini aliyeinunua aliamini amepata nyama ya kuiva upesi, akaenda kuikaanga, akatafuna mpaka taya zikamuuma. Ulikuwa udanganyifu. Nilipouacha nilikuwa nimeshapoteza wateja ambao hawakurudi tena. Na katika miaka yote ile niligundua kuwa wengi wanaong'ang'ania steki hawaipendi kwa utamu wake. Wanaogopa mfupa kwenye mizani, wanaogopa kupunjwa. Shingo pamoja na mfupa wake ikiwa na bei yake halali, imeandikwa mahali pa wazi, woga huo utapungua.

Sasa niwaeleze wasiokaa karibu na mifugo huyu ng'ombe wetu ni wa namna gani. Mimi ni mtu wa Singida, nimekulia nyuma ya ng'ombe. Anayeliwa Dar es Salaam kwa sehemu kubwa ni huyo huyo wa asili, mwenye nundu, aliyechungwa Singida, Dodoma, Tabora, Shinyanga au Simiyu, akapandishwa lori hadi mnada wa Pugu, kisha machinjioni. Maisha yake yote ametembea kufuata majani na maji. Wengine ni maksai waliovuta jembe misimu kadhaa kabla ya kuuzwa. Nyama ya mnyama huyo ina ladha nzito na rangi nyekundu iliyokolea. Lakini sehemu alizozitumikisha zaidi, yaani shingo, kifua, mabega na miguu, zimejaa utando mweupe na kano. Wataalamu wanauita utando huo kolajeni. Ukiupika kwa haraka hujikunja na kuikamua nyama maji yake yote. Ukiupa saa mbili na nusu au tatu kwa moto mdogo unayeyuka unakuwa ute, na ute huo ndio unaoupa mchuzi uzito, ule unaoshika vidole ukimega ugali. Unga wa ngano hauwezi kuleta uzito wa namna hiyo. Sarara, ile nyama ya ndani ya mgongo, haikutumikishwa, kwa hiyo haina utando wa kuyeyuka. Yenyewe ni ya dakika chache motoni, ukizidisha inakauka.

Kuna na suala la upya. Watu wa Dar tunapenda nyama ya leo. Nilikuwa naamka saa tisa usiku kwenda machinjio ya Vingunguti, na saa kumi na mbili asubuhi nyama inaning'inia buchani, bado ina joto. Saa chache baada ya kuchinjwa misuli ya mnyama hukakamaa, na ukakamavu huo huchukua siku nzima au zaidi kabla ya kuanza kulegea. Tunainunua asubuhi inaelekea kukakamaa, tunaipika mchana imekakamaa kabisa. Anayeitia kwenye friza ingali na joto anajiongezea shida, kwa kuwa ikiyeyuka hujikunja na kumwaga maji. Mwenye friji aiweke kwenye friji, siyo kwenye friza, rafu ya chini, bakuli lifunikwe, siku moja au mbili. Asiye na friji aipike siku hiyo hiyo, na achague sehemu ya kutokota muda mrefu. Asiiache mezani kwa joto la mji huu akitegemea italainika.

Habari ya sehemu nilifundishwa na mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, mtu wa Magomeni. Nilioa 1994. Sikukuu ya Idi ya kwanza baada ya harusi nilitaka kumheshimu, nikampelekea sarara mbili nzima, nyama ghali kuliko zote buchani kwangu. Alikuwa na wageni wengi, anapika pilau. Akaichemsha kama alivyozoea kuchemsha nyama ya pilau. Ikatoka nyuzi nyuzi, kavu, na supu yake nyepesi haina kitu. Hakusema neno mbele za watu. Jioni akaniita uani, akaniambia, "Baba, umeniletea nyama ya kukaangia mtu mmoja, na mimi napikia watu arobaini. Siku nyingine niletee kidari, na mafuta yake na mfupa wake."

Mimi nilikuwa naijua nyama kwa jina na kwa bei. Yeye aliijua itakavyokuwa baada ya saa mbili motoni. Kwetu nyama tuliichemsha kwa chumvi tukala, na hiliki niliionea mjini. Kuanzia siku ile nikawa naingia jikoni kwake, na yeye akawa anakuja buchani, anapita upande wangu wa kaunta, ananionyesha kwa kidole. Kidari alikibonyeza kwanza aone mafuta yamekaaje. Alitaka mafuta yaliyopita katikati ya nyama, hakutaka yale yaliyolala juu tu.

Pilau yake sitaieleza yote, kila nyumba ya Dar ina yake na kila mwenye nayo anaamini ndiyo yenyewe. Nitasema mawili. Supu ya kidari aliipima kwa kikombe na ndiyo iliyopikia mchele, hakumwaga hata tone. Na rangi ya pilau aliitoa kwenye vitunguu, alivyovikaanga mpaka vikawa rangi ya kahawa, mbele kidogo tu ya kuungua. Anayeona pilau yake imekuwa nyeupe akaongeza bizari ataipata chungu. Angevikaanga vitunguu dakika tano zaidi.

Mchuzi wa shingo ndio nataka niueleze kwa kirefu, kwa sababu ndio ninaoupika kila Jumapili na ndio uliowarudisha wateja wangu kwenye nyama ya mfupa.

Kwa watu sita chukua shingo yenye mfupa kilo moja na nusu. Mwombe muuzaji aikate kwa msumeno. Shoka hupasua mfupa na kuacha vichembe ambavyo mtoto atavikuta mdomoni. Vipande viwe vikubwa, kama ngumi ya mtoto wa darasa la kwanza, kwani vidogo hutawanyika kabla mchuzi haujawa tayari. Jumamosi usiku naipaka chumvi, vijiko viwili vya chai vilivyokatwa usawa kwa nyama yote, naifunika, inalala kwenye friji. Mwanzo chumvi huvuta maji ya nyama nje, kisha maji hayo hurudi ndani yakiwa nayo. Kufika asubuhi kipande kimekolea hadi ndani. Chumvi ya mwishoni hukaa kwenye mchuzi, na ukiuma kipande unakuta katikati hakina ladha, ndipo mtu ananyoosha mkono kwenye chupa ya chumvi mezani.

Asubuhi natwanga tangawizi kiasi cha kidole gumba na kichwa kizima cha kitunguu saumu. Nyama inaingia kwenye sufuria zito pamoja na vitu hivyo viwili, na maji situmii. Moto mdogo, mfuniko juu. Baada ya muda mfupi nyama inatoa maji yake yenyewe na kuanza kuchemka ndani yake. Inachukua kama dakika arobaini maji hayo kukauka, na yakikaribia kukauka usitoke jikoni. Yanabaki mafuta ya nyama peke yake, mlio unabadilika, ule wa kutokota unakwisha unakuja wa kukaanga, na vipande vinaanza kushika rangi ya kahawia upande wa chini. Hapo ndipo ladha inapozaliwa. Maji yakiwepo rangi hiyo haiji, maana maji yanayochemka hayapiti nyuzi joto 100, na rangi ile inahitaji kama 140. Mama mkwe hakuwa na habari ya nyuzi joto. Alisikiliza. Alikuwa anakaa uani anapeta mchele, anasema "geuza", na ukifunua sufuria unakuta kweli wakati umefika.

Vikishika rangi pande zote natoa vipande, naviweka kwenye bakuli. Ndani ya mafuta yale yale naweka vitunguu maji vitatu vilivyokatwa vyembamba, na maji yake yanabandua yale ya kahawia yaliyoganda chini ya sufuria. Yakwangue na mwiko, usiyaache.

Vitunguu vinaendelea, na hapo ndipo viungo vinapoingia. Kijiko kimoja kikubwa cha giligilani, kijiko cha chai cha bizari nyembamba, nusu kijiko cha pilipili manga, karafuu tatu, hiliki mbili, kijiti kifupi cha mdalasini. Vyote navinunua vizima Kariakoo, kidogo kidogo, vya mwezi mmoja. Navikaanga kavu kwenye kikaango, navikoroga bila kuacha, mpaka harufu ifike sebuleni, kama dakika mbili. Navitoa kabla havijabadilika kuwa vyeusi, naviacha vipoe, kisha navitwanga kwenye kinu. Kinu chenyewe ni cha marehemu mama mkwe, cha mti, kimelika katikati. Kiungo kizima hubeba harufu yake kwenye mafuta yaliyofungiwa ndani ya punje. Ukishakisaga mafuta hayo huanza kupotea hewani, ndiyo maana kopo la unga wa bizari lililokaa juu ya kabati tangu mwaka jana lina rangi tu. Inaniuma kuona hivyo katika nchi hii, ambayo hiliki na pilipili manga zinatoka Amani kule Muheza, na karafuu ziko Pemba, mwendo wa boti.

Unga huo naugawa mafungu mawili. Fungu kubwa linaingia sasa, kwenye mafuta na vitunguu, linakaangwa nusu dakika, kwani harufu za viungo vingi hutoka vizuri kwenye mafuta kuliko kwenye maji. Fungu dogo nalifunika pembeni. Kisha nyanya tano zilizoiva, zimekunwa, zipikwe mpaka mafuta yaelee juu. Usizikimbize. Nyanya mbichi kwenye mchuzi wa nyama hutoa uchachu ambao watu huuzima kwa sukari, nao ungeondoka wenyewe kwa dakika kumi na tano.

Nyama inarudi. Maji ya moto yanaingia mpaka yakaribie kuifunika, hayapiti juu yake. Maji yawe ya moto, ya baridi yanasimamisha kila kitu. Kuanzia hapo ni moto mdogo, mchuzi unatoa povu moja moja pembeni. Wa mkaa wapunguze makaa na wayafunike majivu kidogo. Mimi naacha saa mbili, natazama kila nusu saa. Nyama ikianza kuachia mfupa natia ukwaju uliolowekwa, kijiko kimoja, pilipili mbuzi moja nzima isiyopasuliwa, na lile fungu dogo la viungo. Dakika kumi baadaye naepua, nakatia kotmiri, nafunika, na hakuna anayeruhusiwa kufungua mpaka robo saa ipite. Kwa ugali ni sawa, kwa wali wa nazi ni zaidi, na kesho yake kwa chapati watoto wanagombea sufuria.

Sehemu nyingine nizipitie kwa haraka. Muundi na makongoro ni ya supu, yaanze kwenye maji ya baridi, yapewe saa nne, tangawizi na pilipili manga vinatosha, ndimu iwe mezani. Mbavu zinafaa ndizi nyama, kwa kuwa mafuta yake yanaingia kwenye ndizi. Paja ni la mishkaki na la kusaga. Nundu ina mafuta mengi, ikatwe vipande vidogo na kutungwa kwenye kijiti cha mishkaki kati ya vipande vya paja, inailinda isikauke. Steki ya kweli, kwa rosti ya haraka, ikatwe kukingama nyuzi zake, hilo tu likizingatiwa utaona tofauti.

Nirudi kwenye pakiti. Sisemi kiungo cha pakiti ni sumu, na najua kina mama wanaotoka kazini saa moja usiku wakapanda daladala mbili kabla ya kuwasha jiko. Ila geuza pakiti usome nyuma. Mara nyingi kilichotajwa mwanzo kabisa ni chumvi. Nina ugonjwa wa presha tangu 2016, na muuguzi aliyenipima alinikalisha akanieleza kuwa Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asipitishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai. Nilipofika nyumbani nikapiga hesabu ya mchuzi wangu. Vijiko viwili ni gramu 12 hivi, kwa watu sita ni gramu 2 kila mmoja. Nilipokuwa natia pakiti mbili juu ya chumvi ya kawaida sikuweza hata kuhesabu. Nyama iliyowekewa chumvi mapema, ikashika rangi, ikapikwa na viungo vilivyotwangwa siku hiyo, haidai kitu kingine.

Kuna jambo zito zaidi. Nikiwa kaunta nilimsikia dada mmoja akimshauri mwenzake avunjie vidonge vya kutuliza maumivu kwenye sufuria ili nyama iive upesi. Nilimsimamisha. Nikamwambia, "Dada yangu, ukimaliza kupika nani atajua kila mtoto amekula kidonge kingapi?" Parasetamoli ikizidi kipimo huharibu ini, na sufuria haina kipimo cha dozi. Tangu siku hiyo nimesikia jambo hilo hilo mara nyingi, kwenye misiba, kwenye vibanda vya chakula, likisemwa kama siri ya upishi. Naomba gazeti lako, ambalo linaingia nyumba nyingi, liliandikie peke yake, limuulize mfamasia, lieleze kwa herufi kubwa. Nina imani kwamba wengi wanaofanya hivyo hawana nia mbaya. Wameuziwa nyama isiyo na jina, mkaa unaisha, wageni wameshafika.

Anayetaka kulainisha ana papai bichi. Utomvu wake una kimeng'enya kinachokata protini za nyama. Kwa mishkaki ya paja kijiko kimoja kikubwa cha papai bichi lililokunwa kwa kilo kinatosha, pamoja na tangawizi, saumu na chumvi, nusu saa au saa moja. Usilaze usiku kucha, utakuta nyama imekuwa uji kwa nje. Na usilipoteze kwenye mchuzi, sufuria likichemka nguvu yake inakufa. Tangawizi mbichi nayo hufanya kazi hiyo kwa kiasi. Magadi hulainisha, lakini mdomoni huacha ladha ya sabuni, na nyama ya ng'ombe aliyetoka Singida haistahili ladha hiyo.

Najua swali linalofuata, maana mke wangu aliniuliza nilipomsomea barua hii: saa tatu za moto nani ana gesi ya kuchezea? Swali ni la haki. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034, na mtungi wa kilo sita ukiisha katikati ya mwezi mtu anarudi kwenye mkaa. Ndiyo maana nasisitiza sehemu. Mwenye gesi kidogo siku ya kazi anunue paja, akate vyembamba, akaange dakika kumi. Shingo na kidari avipike mara moja kwa wiki, vya siku mbili tatu, kwenye presha kuka, ambayo hupandisha joto hadi nyuzi 120 hivi, na dakika arobaini na tano zinafanya kazi ya saa mbili na nusu. Kipande kikishika rangi kwanza kabla ya kufunga mfuniko, tofauti na sufuria la kawaida ni ndogo. Tumejaribu vyote viwili nyumbani na wajukuu hawakutambua.

Buchani kwa mpwa wangu tumeshaanza. Tumenunua ubao mpya, tukachora ng'ombe wa ubavuni na kumgawa, tukaandika majina: shingo, bega, kidari, mbavu, sarara, paja, muundi, mkia, nundu, na mbele ya kila jina pishi linalolifaa. Wiki ya kwanza watu walikuwa wanasimama kuutazama tu. Sasa wanauliza. Kilichobaki ni bei. Mpwa wangu anataka mbavu ziuzwe sawa na kidari, mimi naona zipungue kwa sababu ya uzito wa mfupa, na hadi leo Ijumaa hatujakubaliana. Kama kuna wenye mabucha Temeke, Kinondoni au popote ambao wameshagawa bei kwa sehemu, naomba waandike kwenye ukurasa huu huu watueleze wamefanyaje.

Wako,
Muuza nyama mstaafu,
Buguruni, Dar es Salaam